Kilegesambwa cha kulia au cha kushoto, mnatofautishaje?

msomamifupa
Jamani, naombeni msaada. Niko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Jana kwenye jaribio la vitendo niliwekewa mifupa mitano mezani: fupanyonga, fupa la paja, kilegesambwa (kile kifupa cha mbele ya goti), muundi na fibula (ule mwembamba ulio kando ya muundi). Majina nilipata yote. Kisha mwalimu akauliza, "Wa upande gani?" Fupa la paja nilibahatisha, nikapatia. Kilegesambwa nilikigeuzageuza kiganjani mpaka kikapata joto, sikuona tofauti yoyote. Mnatumia mbinu gani? Na fibula je? Mimi naiona kijiti tu.

mzeewamaabara
Pole, wengi yametukuta hayo. Ila fupa la paja si la kubahatisha, mwanangu. Kichwa chake cha mviringo hutazama ndani, kwenye kikombe cha nyonga, na ule ukingo unaokwaruza kidole hukaa nyuma. Ukishayapanga hayo mawili, hakuna cha kukisia.

Kilegesambwa usihangaike kukitazama, kiweke mezani. Uso laini, ule wa gegedu, uwe chini. Ncha ielekee mbele, mbali nawe. Kiachie. Kitaegemea upande wake: cha kulia kitalalia kulia. Uso ule una tuta katikati, na sehemu ya nje ya tuta ni pana kuliko ya ndani, ndiyo maana kinainamia huko. Lakini kikiwa kimemeguka pembeni, usikiamini.

dadawazamu
Fibula ndiyo iliyonitoa jasho mimi. Shika ncha ya chini, ile iliyobapa. Ina kiuso laini kinachogusana na talasi, mfupa wa kifundo cha mguu; hicho kitazame ndani. Nyuma yake, chini kidogo, kuna kishimo ambacho ncha ya kidole inakipata hata ukifumba macho. Kiuso ndani, kishimo nyuma, basi umeupata upande.

Halafu vua kiatu, shika nundu mbili za kifundo cha mguu. Ya nje ndiyo fibula, na iko chini kuliko ya ndani, ambayo ni ya muundi. Kijiti hicho hakifiki kwenye kiungio cha goti na uzito hakibebi sana, lakini nundu hiyo ndiyo ukuta wa nje wa kifundo. Aliyewahi kuivunja hawezi kuiita kijiti.

mzeewamaabara
Umenena. Na fupanyonga jiandae kuulizwa: ni mfupa mmoja au mitatu? Utotoni ni mitatu, iliamu, iskiamu na pubisi. Inakutana ndani ya kikombe cha nyonga na kushikana katika ujana. Kuhusu upande: kikombe nje, iliamu juu, pubisi mbele.

msomamifupa
Nimetoka maabara sasa hivi. Nimekiweka kilegesambwa kilekile cha jana mezani, nikakiachia. Kimelalia kushoto.

Jana nilijibu kulia.