Majengo ya chuo ya 1956: yakarabatiwe au yabomolewe?

Mwanzilishi: Kuna wanaotaka majengo ya mwanzo ya kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi yapishe ghorofa mpya. Wanasema majengo ya rika hilo huvuja, hayana lifti, na kuyakarabati ni kutwanga maji kwenye kinu. Mnaonaje?

Mchora Ramani: Napinga. Royal Technical College, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipofunguliwa 1956, ndani yake mlikuwa na michango ya Wahindi wa Afrika Mashariki waliotaka chuo cha kumkumbuka Gandhi. Waliunganisha mfuko wao na chuo hicho, ndipo jina la Gandhi likabaki kwenye jengo. Jasho la watu halibomolewi kwa sababu ya paa.

Mkadiriaji: Paa si jambo dogo, ndugu. Unapaka lami juu ya slebu (bamba la zege la paa) kuukuu, maji yanapenya vilevile. Nondo zikishika kutu huvimba, zege likabanduka juu ya vichwa vya wanafunzi.

Fundi Mkuu: Lami haitangulii. Anza na matundu ya kutolea maji: maua ya mijakaranda huyaziba, dimbwi likakaa. Zibua, kisha weka mteremko wa sm 1 kwa kila sm 80. Zege bovu libanjwe mpaka nyuma ya nondo, pa kupitisha vidole. Nondo zisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, zipakwe dawa ya kutu, ndipo uzibe. Ukishapaka lami, funga matundu, jaza maji sm 5, uache saa 48 huku mtu akikagua dari.

Ukuta nao usiupige plasta ya saruji. Jiwe la Nairobi hunywa maji. Saruji huufungia unyevu ndani, jiwe likamung'unyika nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Tumia plasta ya chokaa 1 kwa mchanga 3, ufunike kwa magunia mabichi.

Mkadiriaji: Na mwenye kiti cha magurudumu? Ibara ya 54 ya Katiba inampa haki ya kufika. Kibaraza cha sm 60, kwa mteremko wa 1 kwa 12, kinadai rampu (njia ya mteremko) ya mita 7.2, na hiyo ni ghorofa ya chini tu.

Mchora Ramani: Hapo umenena, na ni zito kuliko paa. Lifti isimame nje kwenye msingi wake, iachane na ukuta wa zamani kwa sentimita chache ili ikititia isiuvute. Mlango upite kwenye dirisha la mwisho wa korido: linta, boriti ya juu ya dirisha, ipo tayari, unakata ukuta wa chini yake tu.

Mkadiriaji: Dirisha likiwa na upana wa sm 90, nakubali. Ila bajeti iwe na mtu wa kuzibua matundu kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, kila mwaka.