Kiyoyozi kinaganda barafu ingawa kimeongezwa gesi mara mbili

Mkazi wa Arua:
Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijamwita fundi kwa mara ya tatu. Chumbani kwetu hapa Arua tuna kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kinachotumia gesi ya R410A. Kilifungwa miaka mitatu iliyopita na hakikutusumbua hadi kiangazi cha mwaka jana, kilipoanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Fundi aliyekuja aliunganisha geji yake ya kupima shinikizo, akasema gesi imepungua, akaongeza, nasi tukalala vizuri. Baada ya miezi minne hali ikarudi ile ile, naye akaongeza tena. Sasa tukikiwasha saa tatu usiku kinapoza kwa muda wa saa moja hivi, kisha upepo unafifia, na nikifunua kifuniko nakuta barafu nyeupe imeshikana na mapezi ya alumini. Alfajiri inayeyuka, na maji yanatiririka ukutani mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Isitoshe, jioni nyingine sehemu ya nje hunguruma sekunde chache, ikalia “tak”, ikanyamaza. Je, niongeze gesi tena, au mashine imefika mwisho wake?

Fundi wa friji, Jinja:
Mzee, usiongeze gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue imepata pa kutokea. Anayekujazia bila kutafuta tundu anakuuzia miezi minne minne.

Hata hivyo, barafu ina sababu mbili zinazofanana kwa sura, na usipozitenganisha utatibu malaria kwa dawa ya minyoo. Ya kwanza ni upungufu wa hewa inayopita kwenye koili ya ndani, yaani yale mabomba yenye mapezi: kichujio kimeziba, au lile gurudumu refu la feni limejaa uchafu, hivyo baridi inabaki pale pale, unyevu unaganda, na barafu inaenea koili nzima hadi kwenye bomba nene. Ya pili ni gesi kupungua, na hapo baridi kali hutokea mapema njiani, kwa hiyo ukungu mweupe huanza kwenye bomba jembamba karibu na vali za sehemu ya nje.

Fanya hivi: zima upoezaji, acha feni peke yake mpaka barafu yote iyeyuke, osha kichujio, kisha washa mchana na utazame vali za nje kwa dakika 15 za mwanzo. Tazama pia nati za shaba kwenye maungio. Mahali gesi inapovuja, mafuta ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) hutoka nayo, na vumbi hunata hapo likawa doa jeusi lenye utelezi. Povu la sabuni ya kufulia litamaliza ubishi.

Mama wa Entebbe:
Mimi si fundi, lakini hiyo “tak” naijua vizuri. Kwetu ilikuwa umeme mdogo wa saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na pasi. Kompresa inashindwa kuanza, inavuta ampea nyingi, inapata joto, na kinga yake inaikata. Mwambie fundi wa umeme apime volti kwenye soketi hiyo hiyo wakati kompresa inaanza, kwa sababu kipimo cha mchana mashine ikiwa imezimwa hakisemi lolote. Kama volti ziko sawa, kinachofuata kushukiwa ni kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Pia uliza: jiko la sigiri liko wapi kwenu?

Mkazi wa Arua:
Dada, umepiga penyewe. Sigiri inakaa chini ya dirisha la chumba hicho. Kichujio nilichotoa kilikuwa na utando mweusi wa masizi uliochanganyika na vumbi la murramu, mzito kiasi kwamba niliumenya kama ganda. Baada ya kukiosha upepo ulirudi na barafu ya ndani haikutokea, lakini nje bomba jembamba liliota ukungu ndani ya dakika saba, na nati ya nyuma ilikuwa na doa lile la mafuta. Povu lilichemka hapo mbele ya macho yangu.

Nimeita fundi mwingine. Ametoa gesi yote iliyobaki na kuihifadhi kwenye mtungi, akakata mdomo wa bomba uliopasuka na kuutanua upya, akajaza naitrojeni kupima kama bado panavuja, akavuta utupu kwa pampu (kuondoa hewa na unyevu wote mabombani) zaidi ya nusu saa, kisha akapima gesi mpya kwenye mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine. Hewa inaingia ikiwa nyuzi 28 na kutoka ikiwa 16. Lakini jioni soketi ilisoma volti 207, na kompresa ilipoanza zikashuka hadi 176. Je, ninunue stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti?

Fundi wa friji, Jinja:
Mizani ndiyo kazi, maana geji peke yake haikuambii uzito wa gesi iliyomo. Kuhusu volti, kagua waya kwanza. Kushuka volti 31 kwa sababu ya mashine moja kunaonyesha waya mwembamba au maungio yaliyolegea, na stabilaiza itazidi kuutia joto waya huo. Kiwekee kiyoyozi laini yake kutoka kwenye kikatizi cha umeme, ya waya wa milimita mraba 2.5, kisichangie na friji. Baada ya hapo, kama umeme wa jioni bado ni hafifu, chukua stabilaiza ya kVA 4 inayochelewesha kuwasha kwa dakika tatu, ili umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa isianze kabla shinikizo halijatulia.