Naomba ushauri: kusafiri na bunduki kutoka Entebbe hadi Johannesburg

Ndugu zangu, habari zenu. Niko Kampala, na mwezi ujao nasafiri kwenda Afrika Kusini kuwinda na shemeji yangu. Bunduki ni ya marehemu baba, sasa ina leseni kwa jina langu, na sitaki ipotelee njiani.

Ninayoyajua ni haya: iwe tupu, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, iende na mizigo ya chini, risasi zifungwe kwenye boksi lake, zisizidi kilo 5 kwa abiria. Kule Johannesburg kuna fomu ya polisi, SAPS 520, nayo nitaisaini mbele ya askari.

Kinachoninyima usingizi ni Nairobi, tunakobadilisha ndege. Je, kasha litapita moja kwa moja, au watadai kibali cha Kenya hata kama sitoki nje ya uwanja? Au nitafute tu ndege isiyotua njiani, hata ikiwa ghali? Na pale Entebbe, nifike mapema kiasi gani ili polisi wamalize ukaguzi kabla ndege haijaondoka? Aliyewahi kusafiri hivyo anieleze, tafadhali, hatua kwa hatua.