Mbio za matanga kwenye simu: zibaki ukumbi wa mwalo, au ni kuwapotezea vijana muda?

Mleta mada

Wakuu, shikamoo kwa wazee wa ziwani, na wengine habari za jioni.

Jumamosi ijayo mwalo wetu wa wavuvi hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, una kikao cha wanachama, na ajenda mojawapo ni sisi. Tuko kumi na mmoja: wavuvi wa kipe (wale wa dagaa kwa taa usiku), manahodha wawili wa boti za abiria, fundi mitumbwi mmoja, na mimi nahodha msaidizi. Siku za mbalamwezi, taa zikiwa hazivuti dagaa na watu wamepumzika, tunakaa ukumbini tunacheza mbio za matanga mtandaoni. Baadhi ya wajumbe wameleta hoja kwamba mchezo huu hauna tofauti na kubeti, unakula bando na umeme wa ukumbi, kwa hiyo uondoke. Sisi tumeomba ubaki, na vijana wanaoanza kazi ya ziwa wakaribishwe kukaa nasi. Nimeileta hapa tujadili kabla ya Jumamosi, maana ukumbi ni wa wote.

Kwa ambao hawaujui, nieleze. Kwetu ulianza 2024, ziwa lilipofungwa upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu nyavu ziko juu. Mwenzetu aliyewahi kuwa baharia Dar akatuonyesha programu ya Wafaransa inaitwa Virtual Regatta. Unapewa boti ya matanga, bahari yako ni ramani ya dunia, na upepo hawautungi wao: unatoka kwenye utabiri halisi wa taasisi ya hali ya hewa ya Marekani, NOAA, na kwa siku unabadilishwa mara kadhaa. Hakuna kubonyeza-bonyeza. Unachagua pembe ya boti na upepo, unachagua tanga, halafu boti inakwenda yenyewe usiku na mchana, uwe umelala au uko kazini. Ukiielekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye upepo moja kwa moja, inasimama. Ukigeuza tanga ovyo, mwendo unapotea. Ukisahau kisiwa kilicho mbele, unapanda nchi kavu na wenzako wanakupita.

Novemba 10, 2024 tukaingia kwenye mbio kubwa zenyewe, Vendée Globe. Zile halisi huondoka Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, kila baada ya miaka minne. Mtu mmoja, boti ya futi 60, kuzunguka dunia bila kusimama bandarini na bila kusaidiwa, zaidi ya maili za bahari 24,000. Mabaharia 40 waliondoka siku hiyo saa tisa na dakika mbili alasiri kwa saa zetu, na sisi tukaondoka nao kwenye simu dakika hiyo hiyo. Charlie Dalin alifika wa kwanza baada ya siku 64 na saa 19. Mimi nilimaliza kwa siku 81.

Sasa kwa nini nasema ubaki. Siku kama ya tisa nilikuwa nakaribia visiwa vya Cape Verde. Jioni kabla ya kwenda kazini nikatazama mishale ya upepo, nikaona iko sawa, nikaacha pembe vilevile, tukaingia ziwani. Kule katikati mtandao hakuna. Alfajiri tumerudi, ndoo ziko mchangani, mikono imejaa magamba, nafungua simu: boti imekaa juu ya kisiwa cha Santo Antão tangu saa sita usiku. Nilikuwa nimeifungia pembe ya upepo, sikuifungia dira. Upepo ulipogeuka kidogo, boti nayo ikageuka nao mpaka ikapanda. Na utabiri ulikuwa umelionyesha hilo tangu jioni! Nilitazama upepo wa saa ile tu, sikusogeza ramani mbele nione wa saa sita zijazo.

Nikakaa pale kwenye ukingo wa mtumbwi. Nikajiuliza, na huku ziwani je? Miaka kumi na minne nimekuwa nikitoka kwa kutazama anga la dakika ninayotoka. Watu tisa nyuma yangu wamenipa roho zao, na mimi sijawahi kuuliza saa nane usiku kutakuwaje. Tangu siku hiyo siondoki bila kusoma utabiri wa ziwa unaotolewa na TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania. Tumeshaahirisha safari mara mbili. Mara moja upepo wa kusini ulikuja kweli, mara ya pili haukuja na tulipoteza usiku wa kazi. Bado naona tulifanya sawa mara zote mbili.

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Ujiji

Marahaba kijana wangu. Nimesomewa yote mpaka mwisho.

Mimi napinga, na nitakwambia ninachoogopa, maana bando si shida yangu. Boti ya simu haizami. Umepanda kisiwa, umeamka, umeitoa, umeendelea na safari. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na aliyekwenda chini hatumpati hata kwa kumzika. Kijana wa miaka kumi na tisa akizunguka dunia kwenye simu atasema yeye ni nahodha. Usiku wingu likisimama upande wa Kongo na wazee wakisema turudi, huyo ndiye atakayebisha, kwa sababu ameshapita dhoruba za kusini ya dunia akiwa kitandani.

Jambo la pili. Mjukuu wangu amenitafutia habari za hizo mbio zenu zenyewe. Mwaka 2020 boti ya Kevin Escoffier ilivunjika kusini-magharibi mwa Rasi ya Tumaini Jema, akabaki kwenye mashua ndogo ya mpira ya kuokolea. Jean Le Cam, mzee wa miaka sitini na moja, akaacha njia yake, akamtafuta usiku kucha mpaka akampata. Waliotumwa kusaidia walirudishiwa muda wao, na ndiyo maana Yannick Bestaven alishinda ingawa Dalin ndiye aliyekata mstari wa kwanza. Hapo nimeona ubaharia. Je, kwenye simu yenu mwenzako akipotea, unageuza omo? Unampita na kufurahi. Nahodha tunampima kwa kumrudia mwenzake, na hilo ndilo mchezo wenu umeliacha nje.

Nahodha wa injini

Mimi ni mfupi. Tanganyika hatuna tanga tena, kila mtu anavuta injini. Kumfundisha kijana pembe ya tanga ni sawa na kumfundisha kuwasha karabai wakati tuna taa za sola. Umeme wa ukumbi uchaji taa za kazi.

Mwalimu wa jiografia

Ndugu mleta mada, nakuunga mkono nusu, na hiyo nusu nyingine naomba uichukue kwa uzito.

Nusu nzuri kwanza. Darasani nimehangaika miaka kuwaeleza wanafunzi kwamba mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani sio njia fupi, kwa sababu dunia ni mviringo. Kijana aliyecheza mbio hizi analijua, kwa kuwa aliyenyoosha mstari aliachwa. Kadhalika ukanda wa shwari karibu na ikweta, na lile eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa Atlantiki ya Kusini ambalo boti hulizunguka kwa mbali badala ya kukata katikati. Haya yamo kwenye mitihani.

Nusu ya pili ndiyo inayonitisha. Utabiri huo wa dunia nzima umegawanya ramani kwa vyumba. Hata ule wa robo digrii, kila chumba ni kama kilomita 28 kwa 28. Kwa Atlantiki inatosha kabisa. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673, lakini upana wake wa wastani ni kilomita 50 tu, milima huku na milima kule. Yaani upana wote wa ziwa unaingia kwenye vyumba viwili! Upepo wa usiku unaoshuka kutoka milimani, radi ya mwezi wa kumi na mbili inayozaliwa na kufa ndani ya saa moja, huko havionekani. Kijana akizoea kuamini mshale wa simu, atauamini na hapa, na hapa mshale huo ni kipofu. Mzee wa Ujiji akitazama wingu upande wa Kongo anaona kitu ambacho chumba cha kilomita 28 hakikioni.

Mama Dagaa, Kibirizi

Nimesoma wanaume mnavyobishana kuhusu usiku. Upepo wa mchana je?

Mimi naanika dagaa. Mvua ya saa kumi ikinikuta sijakusanya, dagaa wanageuka rangi na bei inashuka nusu, na pengine wananunuliwa kama chakula cha kuku. Mwanangu yumo kwenye kundi hilo. Nilimkataza, nikamnyang'anya simu. Siku moja akaniambia, mama usianike chini leo, mchana mvua. Nikaanika nusu tu, mvua ikaja. Wiki iliyofuata akasema tena, sikuona tone. Kwa hiyo simwamini sana, lakini siku hizi namuuliza.

Ninalotaka kujua ni pesa. Nasikia mchezo ni bure lakini matanga mazuri yanalipiwa. Ni kweli? Kama ni kweli, nani analipa, na kikoba cha mwalo kinaguswa? Na ukumbi huo ulijengwa kwa michango yetu sote, mbona jioni hakuna mwanamke anayeingia? Mkiniambia ni darasa la hali ya hewa, basi na sisi tunaoanika tunalihitaji kuliko ninyi.

Kijana wa Mwanga

Wakubwa, shikamooni. Wenzangu wengi kila siku wanatia hela kwenye mkeka wa kubeti. Huku ukumbini hakuna anayeshindania hela, hata shilingi. Na sio jambo la mtaani tu, mwaka 2021 kamati ya Olimpiki ya kimataifa iliweka mashua za mtandaoni kwenye mashindano yake ya mtandao, kwa programu ya Wafaransa haohao. Mtufungie na hili, tutakwenda wapi siku za mbalamwezi? Naomba jibu la kweli.

Mleta mada

Nashukuru wote. Nimekaa na maneno haya siku mbili.

Mama, ni kweli. Kuingia ni bure, matanga ya ziada yanalipiwa, na asiyenayo kuna upepo anabaki nyuma hata akiwa na akili kiasi gani. Wawili wetu walilipia kwa hela zao. Kikoba hakijaguswa, na Jumamosi nitaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba hakitaguswa, na kwamba ukumbini tutacheza kwa matanga ya bure tu, wote sawa. Kuhusu akina mama sina utetezi. Hatukuwafukuza, lakini hatukuwaita.

Nahodha wa injini, kaka, injini inazimika. Mwaka jana yetu ilizimika mbali na nchi kavu, upepo wa kusini unavuma. Tulifunga turubai la kufunikia dagaa kwenye boriti, tukakaa na kasia nyuma, tukasukumwa kaskazini taratibu mpaka tukapata mtumbwi wa kutuvuta. Aliyejua turubai likae pembe gani ni yule kijana wetu wa kucheza. Nilikuwepo, nilishika kamba ile kwa mikono yangu.

Mwalimu, vyumba viwili! Sikulijua hilo, na nimelirudia kichwani usiku kucha. Nimebadilisha ombi letu kwa sababu yako. Tunataka daftari liwekwe ukumbini. Kila jioni kijana mmoja anaandika upepo uliotabiriwa, upande na nguvu. Alfajiri anayerudi anaandika alioukuta, alikuwa wapi na saa ngapi. Tukifika mwezi wa kumi na mbili tutajua wenyewe mshale unadanganya siku gani na upande gani wa ziwa. Na mama, utabiri wa siku utaandikwa ubaoni nje kwa chaki kabla ya saa mbili asubuhi, muda mnaoanza kuanika.

Mzee wangu, wewe ndiye umenishinda. Nilitaka kukujibu kwamba mchezo haumzuii mtu kuwa na utu. Kisha nikakumbuka: kwenye Vendée yetu, mwenzetu mmoja simu yake iliharibika maji, boti yake ikabaki inazunguka peke yake kusini ya Australia siku nne. Tulimwona kwenye ramani kila jioni. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwake kuuliza kulikoni. Na anakaa hatua mia mbili kutoka ukumbini.

Kwa hiyo nimeongeza jambo. Kijana hatakaa kwenye mchezo kabla hajafanya zoezi la kumtoa mtu majini pale mwaloni, mchana, kwa mtumbwi halisi, na jaketi la kuokolea amelivaa. Mwalimu wa zoezi hilo tunamwomba awe wewe. Jumamosi nitakufuata kwa bodaboda saa tatu.

Mzee wa Ujiji

Njoo saa mbili, jua likiwa dogo. Bado napinga kuchezea ukumbini na nitasema hivyo mbele ya watu. Zoezi la majini nitalifundisha hata wakiukataa mchezo wenu. Waambie waje na kamba ndefu, na huyo wa siku nne aje pia.