SHA na mimba: simu inasema nimesajiliwa, hospitali wanasema sijalipa

mama_wa_kwanza: Habari wadau. Niko na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Dada zangu wote walijifungua na Linda Mama, unaenda na kitambulisho na kile kijitabu cha kliniki basi, hudaiwi. Sasa naambiwa hiyo iliisha, siku hizi ni SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali ya Kenya. Nikapiga *147# nikajisajili vizuri, mesej ikaingia, lakini hospitali nimeenda kuulizia wameangalia kwa kompyuta wakaniambia "mama hujalipa". Kulipa nini tena na ni ya serikali? Nimejaribu saiti yao nikapata majedwali ya kizungu nikachoka.

NyaMbegu: Hongera mami. Kujisajili ni kitu kimoja na kulipa ni kingine, hapo ndio watu wengi wanaanguka. NHIF, ile bima ya zamani, iliondoka Oktoba 2024 na Linda Mama ikaenda nayo, sasa inaitwa Linda Jamii na inataka mchango uwe umelipwa. Usiyeajiriwa unajibu yale maswali ya paa, ukuta, choo, unapikia nini, ndio wanakupigia hesabu, ya chini ni 300 kwa mwezi lakini unalipa ya mwaka mzima mara moja, yaani 3,600. Jibu ukweli. Mimi nilijibu haraka haraka nikahesabu na ng'ombe za mama mkwe, weee, kiasi kilichokuja nilikaa chini.

baba_pacha: Kabla hujatoa pesa, mzee wako ameajiriwa? Kama anakatwa ile 2.75% ya SHA kwa mshahara na wewe uko ndani, mradi akuweke kwa akaunti yake kama mke. Aingie afyayangu.go.ke ama hiyo *147#. Usiende saiba wakuchune mia mbili kwa kitu cha bure.

NyaMbegu: Kweli, hiyo nilisahau. Na ukiugua homa hivi hapo katikati, dispensari na kituo cha afya unatibiwa bila mchango bora umejisajili. Kuzaa ndio kunataka uwe umelipa, SHA inatoa 10,000 ukizaa kawaida na 30,000 ya upasuaji, kwa hivyo uliza hospitali yako kama wataongeza zao juu.

mama_wa_kwanza: Ai jamani! Mzee ni soja anakatwa kila mwezi, tumeangalia jana nikapata kwa orodha yake yuko peke yake kama kapera 😂 Tumejaribu kuniongeza ile namba ya siri ikaenda kwa mulika mwizi yake na ameiacha kwa chaji kwa jirani, nikakimbia na hii tumbo, nikifika imeshaexpire. Ametoka shifti ya usiku sasa analala, akiamka tunaanza tena, na simu iko hapa mkononi.

baba_pacha: Mwamshe.