Mcheri huu uani ni wa cheri tamu au chachu?

Mama Zuhura: Habari zenu ndugu zangu. Tumepanga nyumba hapa Michigan, na uani kuna mcheri. Mwenye nyumba anasema ni wa cheri tamu ila umeharibika, ataukata kabla ya theluji. Kweli, Julai watoto walichuma wakakunja nyuso kama wamelamba ndimu. Lakini Mei ulichanua mweupe wote, roho inaniuma. Nitajuaje ni wa aina gani?

Mpogoaji: Mama Zuhura, mwambie asubiri. Nimekulia Lushoto kwenye mipichi, ndugu wa mcheri, na sasa napogoa mashamba ya karibu na Traverse City, huku huku Michigan. Chuma jani lililokomaa, ulipapase upande wa chini. La mcheri mtamu ni kubwa, limelegea, na kwenye mishipa utahisi vinyweleo. La mchachu ni dogo, gumugumu, linang'aa, na chini halina vinyweleo. Halafu tazama kikonyo. Cha mtamu ni kirefu, na pale kinapokutana na jani pana tezi nyekundu, mara nyingi mbili, kama vichwa vya pini. Cha mchachu ni kifupi, na tezi huenda usizione kabisa.

Kijana wa Ohio: Mimi naangalia maotea. Yakitoka mizizini, ni mchachu.

Mpogoaji: Hapo kuwa mwangalifu, mdogo wangu. Mchachu kweli huotea sana, lakini mti ukiwa wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha aina moja kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, maotea yale ni ya shina la chini, hayakwambii kitu kuhusu tunda. Afadhali umbo: mtamu hupanda juu kwa shina moja, mchachu hutanuka na vitawi vyake vyembamba huinama.

Mama Zuhura: Nimetoka uani sasa hivi. Jani ni refu kama kidole changu cha kati, linang'aa, vinyweleo hakuna, tezi sioni. Nina mfuko wa cheri kwenye friza, nimepasua moja: ngozi nyekundu, nyama ya manjano, maji yake karibu hayana rangi.

Mpogoaji: Basi ni mchachu, na kwa maji hayo nadhani ni aina ya Montmorency, ndiyo iliyojaa mashamba ya huku. Haujaharibika hata kidogo. Cheri zake ni za jemu na pai, na hauhitaji mcheri mwingine wa kuuchavusha.

Mama Zuhura: Asante sana kaka. Jani na cheri iliyopasuliwa nimeviweka kwenye sahani, mwenye nyumba anapita jioni.