Hilux 3RZ inakosa nguvu Kitonga: nichonge throtoli bodi?

Dabo Kebini

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nina Hilux dabo kebini ya 1999, injini 3RZ ya petroli, gia za mkono. Kila wiki mbili nashuka Dar kuchukua bidhaa za duka: sukari, sabuni, misumari, mzigo wa kilo 800 hivi. Shida iko kwenye mlima wa Kitonga, kabla ya kufika Iringa. Naingia na gia ya tatu, kona ya pili tu nimesharudi gia ya pili, nakanyaga mpaka chini na gari haliongezi kitu. Lori likiwa mbele yangu siwezi kulipita hata nafasi ikipatikana.

Kuna fundi ameniambia throtoli bodi (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ya gari hili ni ndogo. Anataka kuitoa, aichonge kutoka milimita 60 hadi 65 na kuweka kipepeo kipya (kile kibati cha ndani kinachofungua na kufunga hewa), kisha aseti sensa yake. Shilingi 350,000. Anasema farasi 20 zitaongezeka. Hela yenyewe ni ya duka la mke wangu, kwa hiyo nataka nijue kwanza kama ni kweli.

Mzee wa Porini

Fanya mkuu. Mimi nilifunga kubwa kwenye Land Cruiser yangu ya 1FZ na gari liliamka. Ukigusa tu pedeli linaruka.

Fundi wa Ipogolo

Ndugu yangu Dabo Kebini, shikilia hiyo hela kwanza. Hizi 3RZ nimezifungua nyingi na ninazipenda, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Tupige hesabu. Injini yako ni lita 2.7 na hujaza silinda zote mara moja kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika ingemeza lita 6,480 za hewa, lakini silinda hazijai kabisa, kwa hiyo weka lita 5,500. Hewa hiyo ikipita kwenye tundu la milimita 60 inakimbia mita 32 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo presha inayopotea pale ni kama asilimia 1. Toyota walitangaza injini hii kwa farasi 150 hivi, kwa hiyo hata ukiondoa kizuizi chote cha throtoli unaokota farasi mmoja na nusu. Na Kitonga hupandi kwa 4,800, unapanda kwa 3,000 au chini ya hapo. Farasi 20 zitoke wapi?

Linganisha na mlima wenyewe. Ukifika Iringa, mita 1,500 na kitu juu ya bahari, hewa imepungua kwa asilimia 16 hivi. Hiyo ndiyo inayokunyima nguvu, na tundu la 65 halirudishi hewa ya Dar.

Mzee wa Porini hajadanganya, gari lake kweli linaruka. Tundu la 65 lina eneo kubwa kwa asilimia 17 kuliko la 60, kwa hiyo ukikanyaga robo pedeli inaingia hewa nyingi kuliko ulivyozoea. Mguu unasikia tofauti. Lakini pedeli ikifika chini nguvu ni ile ile, hasa kama mdomo wa manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) umebaki na 60 yake. Tundu kubwa linalipa ukishabadilisha kemshafti na ekzosi, au ukifunga supachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini) kama ile TRD waliyowahi kuuza Marekani kwa injini hii hii. Kwa gari la mzigo, hapana.

Halafu kuna hatari. Niliwahi kuletewa gari lililochongwa hivyo. Tundu lilipinda kidogo sana, jicho halioni, lakini kipepeo kikipata moto kilikuwa kinang'ang'ania ukutani. Mwenye gari aliachia pedeli kwenye mteremko na injini ikaendelea kuvuta. Alizima swichi ndipo akasimama. Nilishika kile kipepeo nikaona mkwaruzo unaong'aa upande mmoja, mwembamba kama uzi.

Kesho asubuhi fanya hivi. Zima injini, chomoa bomba la hewa kwenye throtoli, mwambie mtu akae kwenye kiti akanyage pedeli mpaka mwisho, wewe chungulia. Kipepeo lazima kilale kabisa, uone ukingo wake tu. Kikibaki kimeinama, tatizo ni kebo. Angalia ea klina hapo hapo. Kisha tafuta geji ya vakyumu, inayopima injini inavyofyonza hewa, unganisha nyuma ya throtoli. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga pedeli, huku juu itasoma inchi 13 hadi 16 za zebaki, usishtuke, pwani ingesoma zaidi. Shikilia mizunguko 2,500: sindano ikishuka taratibu, masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosi) yameziba. Halafu panda mlima pedeli ikiwa chini kabisa. Ikisoma inchi 1 au pungufu, throtoli yako inatosha.

Dabo Kebini

Fundi, nimerudi na majibu. Mungu akubariki.

Kijana wangu alikanyaga pedeli na kipepeo hakikulala, kilibaki kimeinama. Nilidhani hajakanyaga vizuri, nikakanyaga mwenyewe yeye akachungulia, hivyo hivyo. Chini ya pedeli kulikuwa na zulia la zamani na juu yake mkeka wa mpira, na kebo nayo imelegea. Tumetoa mkeka, tumekaza kebo kwenye nati zake mbili, tumeacha ulegevu kidogo tu ili kipepeo kijifunge. Ea klina niliigonga chini, likatoka vumbi jekundu la kujaza kiganja. Nimeweka mpya.

Jana nimepanda na mzigo ule ule. Gia ya tatu imenifikisha mbali kuliko zamani, ila sehemu kali bado nimerudi ya pili. Geji ilisoma chini kidogo ya inchi 1. Masega yako sawa, sindano haikushuka.

Kitu kimoja sikusema mwanzoni: mwaka jana nilifunga tairi 285/75 badala ya 265/70. Ringi ni zile zile 16. Inahusika?

Fundi wa Ipogolo

Inahusika sana. Tairi ya zamani ina kimo cha milimita 777, hiyo mpya 834. Umepoteza karibu asilimia 7 ya uvutaji kwenye kila gia, na hakuna throtoli itakayokurudishia hiyo. Angalia na mwendo pia: dashibodi ikisema 80 wewe uko 86, utapigwa tochi bila kujua kosa lako.

Zile 265 bado unazo? Zifunge safari moja, upande na mzigo ule ule, uniambie gia ya tatu imekufikisha wapi.